MAONI: Maili za ndege ni jasho lako, usiziache angani

JUMAMOSI tuliyomzika nyanya, dada yangu mkubwa alikuwa Ghuba. Alikuwa ameketi kitandani katika chumba anacholala na wenzake watatu, simu imeegemezwa ukutani, akitazama jeneza likishushwa kaburini kupitia WhatsApp. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya tatu hakupiga tena.

Mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya siku saba. Waliofanya kazi huko wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Shida ilikuwa tiketi. Ya kununua leo usafiri kesho ilikuwa imefika karibu Sh90,000, na yeye alikuwa na Sh55,000. Sisi huku nyumbani tulikuwa tushachanga ya mochari, ya jeneza na ya kulisha waombolezaji. Hakuna aliyebaki na kitu mfukoni.

Wiki mbili baadaye, mwenzake wa chumbani, mama mmoja Mfilipino, akamwuliza swali ambalo dada hakulielewa: “Na maili zako ulizipeleka wapi?” Yule mama mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na babake, akaenda kwao akazika na kurudi. Sehemu kubwa ya tiketi aliilipa kwa maili alizoziweka tangu safari yake ya kwanza, akachanganya na za mumewe ambaye ni baharia.

Dada alikuwa amepanda ndege mara nane kwa miaka sita, kwenda na kurudi ukihesabu kila moja kivyake. Mara zote nane hakuwa na nambari ya uanachama. Wakala aliyempeleka hakumwambia. Aliyemkatia tiketi hakumwambia. Mimi nduguye, mtoto wa mjini mwenye kujifanya najua kila kitu cha mtandaoni, sikumwambia kwa sababu hata mimi sikujua.

Sisemi kwamba pointi zake zingetosha kumleta nyumbani. Pengine zingeziba nusu tu ya ile Sh35,000 iliyopungua. Pengine zisingefika hata hapo. Lakini hatutajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa najua utakachosema, kijana mwenzangu. Utasema haya ni mambo ya mabosi, watu wa suti wanaokaa kwenye ukumbi wa kifahari pale JKIA wakinywa kahawa ya bure. Mimi na wewe tunapanda matatu, na matatu haina pointi. Nilifikiri hivyo pia.

Lakini hebu tuangalie ni nani hasa anayepanda ndege kutoka Kenya siku hizi. Ni wasichana na wavulana wanaoenda kazi Saudia, Qatar na Dubai. Ni wakimbiaji kutoka Iten na Kapsabet wanaofukuzia mbio za barabarani Ulaya. Ni wanafunzi waliopata nafasi India, Uturuki au Marekani. Ni wachuuzi wa Gikomba na Eastleigh wanaofuata mzigo Guangzhou na Istanbul. Wengi wao ni vijana, na wengi hawana hata akaunti moja ya maili.

Tena hatuwezi kusema pointi ni kitu kigeni kwetu. Bonga Points tunazo tangu 2007. Mtoto wa shule anajua kubonyeza *126# akaona alizo nazo na kuzigeuza kuwa bando. Mwishoni mwa 2022, Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa, nchi nzima ilishtuka kana kwamba mtu amegusa akiba ya chama. Baadaye mpango huo ulisitishwa. Somo lilikuwa wazi: watu walijua kwamba zile pointi ni zao, walizilipia.

Maili za ndege ni vivyo hivyo. Si zawadi ya huruma. Gharama yake imo tayari ndani ya bei ya tiketi, uzichukue au uziache. Usipojisajili, shirika halikupunguzii hata senti. Umelipa, ukaacha chenji juu ya kaunta.

Mchezo huu ulianza kushika kasi mwaka wa 1981, American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage ili abiria wasiwatoroke kwenda kwa wapinzani. Wengine wakaiga. Ukitaka kujua maili zina uzito gani leo, kumbuka 2020, Covid-19 ilipoziacha ndege chini. United Airlines ilipata mkopo wa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili. Delta nayo ikapata dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Wakopeshaji wa New York si wajinga. Kama wao wanaona thamani humo, wewe unayetupa nambari yako kwa sababu fomu ina maswali mengi unajifanyia nini?

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kujisajili ni bure. Unaingia kwenye tovuti au apu ya shirika, unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na baruapepe, unapewa nambari. Dakika kumi. Lakini hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoteleza. Jina liandike jinsi lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Kama pasipoti inasema Mary Akinyi Odhiambo nawe ukajisajili Akinyi Mary, mfumo unaweza kukataa kuzitambua safari zako.

Jambo la pili ni baruapepe. Ni wangapi kati yetu tuna baruapepe iliyofunguliwa na jamaa wa saiba, na nywila anaijua yeye? Ukiitumia hiyo, maili zako ni zake. Usikubali pia wakala aweke baruapepe yake au nambari yake ya simu. Fungua yako, ukumbuke nywila, kwa sababu laini ya Kenya huenda ikazimika ukiwa huko na ujumbe wa kuthibitisha usikufikie.

Maili huenda kwa aliyeketi kwenye kiti, si kwa aliyelipia. Hili watu wengi hawalijui. Mwajiri akikulipia tiketi, chuo kikikulipia, meneja wa mbio akikulipia, maili bado ni zako. Ila kuna tiketi za makundi na za bei ya chini kabisa ambazo hupata kidogo au hazipati kitu. Jaribu hata hivyo. Unapofika kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mpe mhudumu nambari yako kwa heshima umwombe aiweke. Akikwambia tiketi hiyo haina maili, hujapoteza kitu.

Na kama umeshasafiri bila nambari, usikate tamaa upesi. Mashirika mengi hukuruhusu kudai maili za safari iliyopita, bora muda usiwe umepita sana. Mengi huhesabu kwa miezi. Ndiyo maana ile kadi ya kupandia ndege usiitupe kwenye pipa la Embakasi. Iweke pamoja na nambari ya tiketi mpaka uone maili zimeingia.

Ila usiipige picha ukaibandika Instagram! Najua, safari ya kwanza ina utamu wake, na marafiki lazima waone. Lakini kadi hiyo ina nambari ya buking, na mara nyingi ina nambari yako ya uanachama. Mwenye nia mbaya akipata hizo pamoja na jina lako, anaweza kuingia kwenye safari yako akabadilisha mambo. Piga picha ya dirisha na bawa la ndege. Inatosha.

Kosa la tatu ni kutawanya. Leo unapanda hili, kesho lile, maili 3,000 huku, 2,000 kule, mwisho huna za kutosha popote. Ni kama kuwa na Sh200 katika vyama sita. Kabla hujachagua, jua nani ana undugu na nani. Kenya Airways imo katika muungano wa SkyTeam tangu 2010, na baada ya miaka mingi chini ya Flying Blue ya Air France na KLM, sasa ina mpango wake uitwao Asante Rewards. Ethiopian Airlines imo Star Alliance tangu 2011, na mpango wake unaitwa ShebaMiles. Qatar Airways imo Oneworld na pointi zake zinaitwa Avios. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ina mpango wake wa Skywards na washirika wake.

Maana yake ni hii: ukisafiri na shirika moja ndani ya muungano, mara nyingi unaweza kuweka maili kwenye akaunti ya shirika jingine la muungano huo huo. Chagua akaunti moja kulingana na njia unayopita zaidi, si kulingana na tangazo lililokuvutia. Anayefanya kazi Doha na anayesoma Istanbul hawana sababu ya kuwa na akaunti moja.

Ujue pia kwamba maili hufa. Za Emirates huishi miaka mitatu, kisha huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios za Qatar hudumu mradi tu upate au utumie angalau chache ndani ya miezi 36. Aliye na mkataba wa miaka miwili na hapandi ndege katikati anapaswa kujua tarehe hizi kama anavyojua tarehe ya mshahara.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili. Pointi haina bei moja. Bei yake inategemea unavyoitumia, na hapa ndipo mashirika hutulia kimya yakitabasamu.

Chukua mfano wa kubuni. Tiketi ya kwenda na kurudi ni Sh60,000 taslimu. Ukitumia pointi, unatakiwa utoe 35,000, na juu yake ulipe kodi na ada Sh18,000. Naam, tiketi ya pointi si ya bure, na yeyote anayekwambia ni ya bure muulize kuhusu kodi. Ondoa Sh18,000 kwenye Sh60,000, unabaki na Sh42,000. Gawa kwa pointi 35,000. Kila pointi imekupa Sh1.20.

Sasa shirika hilo hilo lina duka mtandaoni. Kuna blenda inayouzwa Sh4,200 mjini, wao wanataka pointi 14,000. Gawa: kila pointi ni senti 30. Ukizimaliza zote 35,000 kwenye vyombo vya jikoni, utapata vitu vya Sh10,500, robo tu ya ulichopata kwenye tiketi. Blenda utaipata Luthuli Avenue. Acha pointi zako zipande ndege.

Lakini usikimbilie tiketi pia. Ikiwa tiketi ile ile imewekwa ofa ya Sh39,000, toa kodi Sh18,000, unabaki na Sh21,000. Gawa kwa 35,000, ni senti 60. Hapo afadhali ulipe pesa kama unazo, upate maili nyingine juu yake, na zile za zamani uziweke zisubiri siku bei imepaa. Na bei hupaa lini? Desemba kila mtu akirudi nyumbani, na siku ya msiba.

Hiyo ndiyo kanuni yangu: hesabu kwanza, ndipo ubonyeze. Bei ya taslimu, toa kodi na ada, gawa kwa pointi. Simu yako ina kikokotoo, si ya TikTok pekee.

Viti vya pointi huwa vichache katika kila ndege. Anayejua Desemba atarudi asisubiri Novemba kuangalia, kwani mashirika mengi hufungua kalenda karibu miezi kumi na moja mapema. Ukiweza kusafiri Februari au katikati ya wiki, nafasi ni pana zaidi. Na kama huhitaji tiketi, uliza kuhusu mzigo. Baadhi ya mashirika hukuruhusu kulipia kilo za ziada kwa pointi. Anayemletea mamake blanketi, sufuria na televisheni anajua kilo 10 za ziada zinavyouma pale kaunta.

Kitu kingine kizuri ni kwamba pointi zako unaweza kumkatia mtu mwingine tiketi, na baadhi ya mipango huruhusu familia kuchanga pamoja. Emirates inao uitwao My Family, na Qatar Airways nayo ina wake. Sisi watu wa harambee na vyama tungekuwa mabingwa wa mambo haya. Kaka Dubai, dada Sharjah, binamu anayekimbia Ulaya, wote wakiweka kapu moja, hata mama mzee siku moja atawatembelea.

Sasa nionye kidogo, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Usinunue tiketi ghali kwa ajili ya maili. Kama shirika lisilokupa kitu ni nafuu kwa Sh15,000, panda hilo ulale usingizi. Maili 2,000 haziwezi kulipa tofauti hiyo. Usichukue kadi ya mkopo ya benki eti ina pointi, kisha ulipe riba kila mwezi. Riba hula pointi na mwenye pointi. Usinunue wala kuuza maili kwenye makundi ya Telegram. Sheria za mipango hii hukataza, akaunti inafungwa, na aliyekutumia pesa anakuwa adui yako.

Wala usizitunze kama dhahabu. Mashirika hubadilisha viwango yakitaka, na mara nyingi hayaongezi thamani, yanapunguza. Tiketi iliyohitaji pointi 35,000 leo inaweza kuhitaji 45,000 mwakani, na huna mahali pa kukata rufaa. Pointi ni za kutumia.

Kuna anayeweza kuniuliza: kijana, wenzako wanateswa na waajiri, wananyimwa mishahara, wewe unatuletea hadithi za maili? Swali la haki. Maili hazitamwokoa aliyefungiwa ndani ya nyumba, na kelele kuhusu hao zisipungue hata kidogo. Lakini mfanyakazi huporwa kwa njia nyingi, kubwa na ndogo. Za ndogo hazipigiwi kelele kwa sababu hakuna damu. Ni ile shilingi aliyokatwa kwenye kubadilisha pesa, ada ya kutuma asiyoielewa, cheti alichotozwa mara mbili, na safari nane za ndege zisizo na nambari. Ukizijumlisha, unapata tiketi ya kwenda kumzika nyanya.

Ndiyo maana nina ombi, na si kwa mashirika ya ndege. Wafanyakazi wa nyumbani wanaoenda Ghuba hupitia mafunzo kabla ya kuondoka. Wanafundishwa kutumia mashine ya kufulia, kupiga pasi na kusalimia kwa Kiarabu. Vizuri. Waongezewe nusu saa tu. Wakae na simu zao, kila mmoja afungue baruapepe yake mwenyewe, ajisajili, aandike nambari kwenye kijitabu. Wawafundishe pia kusoma tiketi: kilo ngapi, inabadilishwa kwa ada gani, ina maili au haina. Wakala anayechukua ada ya kumpeleka mtu hawezi kushindwa kumwandikia nambari kwenye buking. Haimgharimu hata ndururu.

Vyuo vinavyopeleka wanafunzi ng'ambo vifanye hivyo hivyo. Makocha wa Iten vivyo hivyo, maana kijana wa miaka 20 anayeruka mara sita kwa mwaka kwenda kukimbia anaacha utajiri angani.

Na kwetu sisi tunaobaki, tunaosindikiza watu hadi pale uwanjani tukilia na kupiga picha, tuwe na swali moja la kuuliza kabla ya picha.

Dada alijisajili baada ya mazungumzo yale na Mfilipino. Alidai safari yake ya mwisho, akakubaliwa. Zile saba za mwanzo zilikuwa zimepitwa na muda. Juzi alinitumia picha ya akaunti yake, ina maili elfu nne na kitu, haziwezi kununua hata safari ya kwenda pekee. Hata hivyo alikuwa amefurahi. Binti wa shangazi yetu anaondoka mwezi ujao kwa mkataba wake wa kwanza. Usiku dada alimpigia simu kutoka huko, hata salamu hazijaisha akamwuliza: “Umejisajili?”